Mipira ya upepo kwenye modeli za malori: shaba, risasi, mshipi au waya wenye ngozi?

Dereva_wa_Mezani
Wakuu, habari zenu. Namalizia modeli ya lori la Scania 143M, ya kampuni ya Italeri, skeli ya 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko lori lenyewe), pamoja na tela lake. Kilichobaki ni nyuma ya kabini: mipira ya upepo (ile mirija ya hewa ya breki) na nyaya za umeme zinazokwenda kwenye tela. Modeli nyingi zinaharibikia hapo. Rangi safi, taa safi, halafu kati ya kichwa na tela pako wazi, au pana nyuzi mbili zimekazwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Ninavyoweza kupata ni waya wa shaba, risasi ya kulehemu, mshipi wa kuvulia samaki, spring za kalamu na nyaya ndogo zenye ngozi ya plastiki. Waliojaribu watusaidie: kipi kinafaa, na kwa nini?

Fundi_Upepo
Kazi yangu ni breki za upepo, Changamwe, Mombasa, kwa hiyo naanza na lori lenyewe.

Lori la Ulaya lina mipira miwili ya upepo kwenda kwenye tela: mwekundu na wa njano. Mwekundu unajaza tangi la tela na una upepo muda wote. Ukikatika njiani, tela linafunga breki lenyewe. Wa njano unapeleka amri ya pedali, dereva akikanyaga ndipo unapata upepo. Pembeni kuna nyaya nyeusi za umeme, na tela lenye ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) lina waya wake wa peke yake. Ukiweka mwekundu na wa buluu kwenye Scania, utingo yeyote atakwambia hiyo ni ya Marekani.

Sasa vipimo. Mipira mingi ya plastiki iliyojizungusha ina unene wa nje wa milimita 12. Gawa kwa 24, unapata 0.5. Kwa modeli za 1/14 gawa kwa 14, unapata karibu 0.86. Mtu akiweka waya wa milimita 1 kwenye modeli ya 1/24, maana yake lori limefungwa bomba la milimita 24. Macho yanakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

Kingine kinachosahaulika: mizunguko haianzii kwenye koplingi, yaani kiungo cha kuchomekea mpira. Kila upande una mkia ulionyooka kidogo, na pale mkia unapoingia kwenye nati kuna spring fupi inayouzuia usivunjike shingo. Ukiweka hiyo spring, hata kwa uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa mara chache, mpira unaanza kuonekana mpira.

Mshipi_Tanga
Mshipi wa nailoni wa milimita 0.5, mkuu. Duka lolote la vifaa vya uvuvi unaupata, na mwekundu na wa njano hutengenezwa hivyo hivyo kiwandani, kwa hiyo hupaki rangi.

Chukua biti ya drili ya milimita 2.5, zungusha mshipi mzunguko ukigusa mzunguko, funga ncha zote mbili kwa waya zisiachie. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha uhamishie kwenye maji baridi. Usifungue kabla haijapoa hadi ndani, la sivyo itajikunjua na kazi irudi mwanzo. Ikishapoa unavuta inarudi, unavuta inarudi, kama ile ya lori lenyewe.

Shaba_Tupu
Kurudi inarudi, sikatai. Lakini nailoni ni nyepesi mno kwa kipimo hiki, haina uzito wa kujivuta chini. Mpira wa lori unalala katikati, unaning'inia, wakati mwingine mmoja umeegemea mwenzake. Mshipi unabaki umesimama hewani.

Mimi nakwenda kwa mafundi wa kusuka mota. Vipande vyao vya mwisho wa roli ni waya wa shaba wenye vanishi, unene wa kila aina. Chagua 0.4, kwa sababu praima na rangi vitaongeza. Ni laini tayari, hauhitaji kupashwa moto. Zungusha kwanza, ukunje umbo unalotaka, paka rangi mwisho. Ukipaka kabla ya kuzungusha rangi inapasuka kwa nje ya kila mzunguko na shaba inachungulia. Praima iwe ya chuma, rangi iwe nyepesi, tabaka mbili au tatu, maana rangi nzito inajaza katikati ya mizunguko na yote inakuwa fimbo moja.

RC_Nairobi
Shaba kwa modeli ya kabatini sawa. Mimi naendesha lori la rimoti, Actros ya Tamiya ya 1/14, kila kona kichwa kinajikunja, na shaba ikikunjwa mahali pale pale inakatika. Kwa gari linalotembea niko na Mshipi_Tanga, ila chukua wa 0.8 au 0.9, na biti iwe ya milimita 5.

Kuna wanaofumua kebo ya mtandao. Waya mmoja na ngozi yake una karibu milimita 0.9, unafaa kabisa kwa 1/14 isiyotembea. Shida ni rangi: ndani mna buluu, chungwa, kijani na kahawia. Ya Marekani utapata ya buluu, ya Ulaya lazima upake.

Houston_Mkenya
Kwa upande wa Marekani, kwa sababu nimejenga Peterbilt 359 ya AMT, 1/25. Huku nyekundu ndiyo ya kujaza tangi, buluu ndiyo ya pedali, na kebo ya umeme mara nyingi ni ya kijani. Malori mengi hayatumii mizunguko. Ni mipira minene iliyonyooka, imeshikwa pamoja na kuning'inizwa kwenye mlingoti mdogo wenye spring nyuma ya kabini ili isisugue sakafu. Mingi ni myeusi, rangi iko kwenye koplingi tu.

Mpira wa namna hiyo una kama milimita 19 kwa nje, sawa na 0.76 kwenye 1/25. Hapo risasi ya kulehemu ya 0.8 haina mpinzani. Unaishika ncha mbili, unaiachia, inalala yenyewe pale uzito unapotaka. Kwa mizunguko siipendekezi, inabonyea chini ya kidole na alama haitoki. Na nyingi zina risasi ya kweli ndani: nawa mikono, usile ukiwa kazini, watoto wasiichezee.

Dereva_wa_Mezani
Asanteni sana. Na zile nyaya zenye ngozi? Fundi wa redio hapa mtaani ana roli ndogo ndogo zimeandikwa AWG 30 (namba ya unene wa waya), nyekundu, njano na nyeusi.

Fundi_Upepo
Hizo hizo! Zina karibu 0.5 pamoja na ngozi, ndicho kipimo chako. Zina shaba ndani kwa hiyo zinashika mkunjo, na rangi imeingia kwenye plastiki yenyewe, haibanduki. Kwa Scania yako usihangaike na kingine. Zungusha kwenye biti ya milimita 2, maana zinafunguka kidogo ukiziachia. Spring za kalamu ziache, zina nafasi kati ya mizunguko na zinang'ang'ania kunyooka.

Shaba_Tupu
Nakubali kwa 1/24. Ila zinang'aa mno. Pitisha vanishi isiyong'aa, kisha vumbi la chaki ya kahawia lililosagwa, zaidi kwenye sehemu ya chini ya kila mzunguko. Karibu na koplingi weka doa la grisi jeusi, kule mikono ya utingo inakoshika kila siku.

RC_Nairobi
Kabla hujagundisha, kunja kichwa na tela hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama urefu unatosha upande wa nje wa kona. Gundisha upande wa kabini tu. Upande wa tela toboa tundu la 0.6 kwenye kila koplingi, chomeka waya bila gundi. Siku ukitaka kuonyesha kichwa peke yake, unachomoa na kuipachika kwenye koplingi bubu (ya kushikia mipira tu) nyuma ya kabini.