Hina ya harusi na alama za vidole za viza ya Kanada, nifanyeje?

mwana_wa_mjini
Asalam aleikum jamani naomba ushauri wa haraka. Mume wangu anasoma Toronto, nikah tulishafunga na nimeomba viza nimfuate, sasa nimeletewa ile barua ya kwenda kutoa alama za vidole ndani ya siku 30. Tatizo harusi yenyewe, ya kutolewa, ndo mwezi huuhuu na somo wangu, yule kungwi anayeniandaa, kashasema vidole vyote vinatiwa hina na piko mpaka kwenye kucha, habari za mashine ya vidole hataki hata kuzisikia. Nikienda baada ya harusi itasumbua? Au nisugue na limau na jiki kidogo itoke? Na huko Dar kwenye kutoa vidole nibebe nini, nataka nivuke na boti ya asubuhi nirudi siku ileile.

kaka_wa_kariakoo
Mashine haiangalii rangi sista, inasoma mistari ya ngozi. Hina ikififia unapita tu, usiogope.

mama_chaza
Mwanangu usimsikilize huyo, yeye hajawahi kupakwa. Mistari ndio inasomwa sawa, lakini mtu wa kaunta akiona ncha za vidole zimechorwa anaweza kukurudisha kabla hujagusa hata kile kioo. Na ncha ndo pahala hina inakolea kuliko popote, haitoki kwa wiki moja. Jiki usithubutu! Itakula ngozi mpaka mistari yenyewe isionekane, hapo ndo utalia kweli. Piko nayo wengi siku hizi wanatia rangi ya nywele, ikikukataa unatoka malengelenge, ngozi inabanduka, utatoa alama gani? Ila mie nauliza, nani kakwambia usubiri harusi ipite? Siku 30 ndo mwisho wake, hata kesho ukipata nafasi unakwenda. Toa vidole kwanza ukirudi somo akupake mpaka viwikoni.

mwana_wa_mjini
Nimetazama saa hii, wiki hii imejaa, iliyobaki ni siku ileile tunayoanza kupaka hina 😩

zuu_wa_ughaibuni
Shika hiyohiyo shoga, hina waianze usiku, au siku hiyo wakupake miguu mikono ibaki mpaka urudi. Ila boti ya siku moja mie nisingefanya hivyo, bahari ikichafuka au boti ikichelewa umekosa nafasi na bi harusi huna pa kukimbilia, vuka jana yake ulale kwa ndugu.

Cha kubeba ni pasipoti ileile uliyoombea, ile barua uiprinti yote na ile barkodi ya mistari isikunjwe, na karatasi ya miadi. Zile dola 85 za Kanada ulishalipa ndo maana barua ikaja, kwa hiyo asikutajie mtu nyingine ya vidole. Mabegi makubwa acha nyumbani. Ndani ni vidole vinne vya kulia, vinne vya kushoto, halafu dole gumba zote mbili, picha, basi. Vikiwa vikavu sana mashine inagoma, wengine wanaambiwa wabonyeze tena. Mpaka siku hiyo usikune nazi wala usipare samaki, mkato mdogo tu kwenye ncha unaweza kukurudisha. Ukishatoa, viza za muda zinatumia alama hizohizo miaka 10.

mwana_wa_mjini
Allah akulipeni. Somo nimempigia, kanuna ila kakubali kuanza na miguu. Mtandio navua kwenye picha?

zuu_wa_ughaibuni
Huvui, wa dini unaruhusiwa, ila uso wote uonekane, kidevu mpaka paji la uso, na kitambaa kisitie kivuli. Kama unavaa nikabu utaifunua, mwambie mapema yule wa mlangoni kwamba unataka akupige picha mwanamke. Na wanja mwingi siku hiyo punguza, utapaka siku ya kutolewa 😂