Tupeane uzoefu: nani ameuona ukungu ute huku Malindi?

Wadau salaam. Masika hii nimezunguka sana Gede na pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke natafuta ukungu ute, yaani utamu wake siwezi kuunyamazia. Si uyoga jamani, ule unaotambaa ni seli moja tu yenye viini kibao, wajikokota pole pole ukila bakteria, chakula kikiisha unasimamisha vikonyo vya spora, yaani chembe zake za kuzaliana. Wangu niliukuta chini ya gogo la mnazi lililooza, wa manjano, mishipa mishipa, nikaweka lensi ndogo kwenye kamera ya simu na hapo ndo nikaona ute ndani ya mishipa unakimbia mbele, unasita, unarudi nyuma, halafu mbele tena, nikabaki nimechutama mpaka adhana ya alasiri. Nyinyi je?

Mama Makumbi: Mimi nyuma ya jiko tunarundika makumbi ya nazi, baada ya mvua nikakuta kitu cha manjano kama mtu kamwaga mayai ya kukoroga. Mama mkwe akataka nimwagie maji moto, nikamwambia mama tuuache, haudhuru mimea. Kesho yake umekauka, ukiugusa latoka vumbi jeusi jeusi. Siku hizi yeye ndo huniita akiuona, mashallah.

Kijana wa Gede: Dada huo wako wafanana sana na aina ya ukungu ute iitwayo Fuligo septica, na vumbi hilo ndo spora zenyewe. Mimi nawapenda aina nyingine, Stemonitis, vikonyo vya kahawia vyembamba kama sentimita 2 hivi vimesimama kwa kundi, na jana yake hapo hapo ulikuwa ute mweupe tu. Angalieni kwenye kivuli, upande wa chini wa gogo, ila msitie mkono kabla hamjatazama, kuna nge na tandu. Na gogo lirudisheni lilivyokuwa tafadhali, likibaki limepinduliwa juani vyote vinakufa.

Mwalimu wa Watamu: Darasani huwa nawasimulia ya Japani 2010, wataalamu walipanga punje za oti kama miji inayozunguka Tokyo, wakaweka ukungu ute uitwao Physarum polycephalum katikati, nao ukaziunganisha kwa mtandao uliokaribia kabisa ule wa reli halisi. Hauna ubongo! Watoto wakisikia hivyo, mapumziko wote wako chini ya mwembe wanapekua majani.

Safi sana mwalimu. Wa Lamu mbona kimya? Kule Witu msituni hamjaona kitu? Leteni picha.