Chemsha bongo ya "Zamani za Nairobi": nani aliwaambia rais wetu mwaka 1985 alikuwa Reagan?

Wanakijiji, hamjambo. Hasira hii ninayo tangu Ijumaa usiku, na nikiendelea kuinyamazia itanipa vidonda vya tumbo. Uzi ni mrefu. Asiye na nafasi apite tu, sitamlaumu.

Kuna mahali fulani Westlands, jina nalihifadhi kwa sababu sitaki barua ya wakili, wamekuwa wakisambaza bango kwenye WhatsApp: usiku wa zamani, Nairobi ya miaka ya 80 na 90, chemsha bongo na zawadi kemkem. Bango lenyewe tamu. Kaseti, matatu iliyochorwa ubavuni, ile Great Wall ndogo isiyo na rangi tuliyokuwa tukiiwasha kwa betri ya gari, na pembeni picha ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai, wale waigizaji wa vichekesho vya TV, wakitoleana macho. Kiingilio shilingi 1,500 kwa kila mtu, watu watano kwa meza. Sisi ndio rika hilohilo. Maziwa ya Nyayo tumeyanywa shuleni, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 sisi ndio tuliofanyiwa majaribio. Tukasema hapa zawadi ni yetu, hawa vijana watatuona hivihivi. Nikachangisha watu wangu, nikalipa.

Meza yetu tukaiita Vioja. Mimi, dada yangu mkubwa na mumewe, rafiki yangu wa tangu Buruburu, na mzee jirani yetu aliyekuwa fundi wa redio na TV huko Luthuli Avenue mpaka akastaafu. Mzee huyu alikuja na koti na tai. Alidhani ni sherehe ya heshima, maskini.

Raundi ya kwanza ikaanza. Mkahawa wa kwenye Friends uliitwaje? Nafaka gani ya kiamsha kinywa ilikuwa na sungura kwenye boksi? Sasa niambieni, nani hapa alilelewa kwa nafaka ya sungura? Sisi tulikunywa uji, na siku ya sikukuu ndipo mkate ukapakwa Blue Band. Mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii Nairobi wanayoulizia iko wapi?" Nikamwambia asubiri, labda wanapasha moto.

Na msije mkaniambia nachukia vya nje. Vya nje vilivyotufikia ni vyetu pia, na hivyo tungevijibu tukiwa tumesinzia. Ukiniuliza kuhusu Football Made in Germany nitakujibu, kwa sababu hicho ndicho kipindi kilichofanya watoto wa Eastlands wawajue wachezaji wa Bundesliga kabla hawajamjua hata mmoja wa Uingereza. Niulize The Bold and the Beautiful, nitakueleza nani alimuoa nani, akamwacha, akamuoa babake. Niulize ile CNN iliyokuwa ikirushwa kupitia kituo cha TV cha KTN, ambapo ulikuwa unatazama hali ya hewa ya Atlanta ukiwa mtaa wa Umoja na mvua inanyesha ndani ya nyumba. Vitu hivyo viliingia sebuleni kwetu. Nafaka ya sungura haikuingia.

Basi, swali la nane. Kijana akasoma kwenye kipaza sauti: "Nani alikuwa rais mwaka 1985?" Ukumbi mzima ukacheka kwa raha. Alama ya bure! Mtu uliyeishi Nairobi wakati ule utakosaje? Uso wake ulikuwa kwenye sarafu, kwenye noti, kwenye ukuta wa kila duka na kila ofisi. Uwanja uliitwa Nyayo, kaulimbiu yake, jengo likaitwa Nyayo, baadaye hata mabasi yakaitwa Nyayo. Kila meza ikaandika Moi. Jibu likatokea kwenye skrini: Ronald Reagan.

Watu walidhani ni utani. Shemeji yangu akapiga meza, akasema, "Rudia hapo." Kijana akarudia: Ronald Reagan. Tukamuuliza, rais wa wapi? Akatujibu, na hapa nanukuu neno kwa neno, "Swali halijasema rais wa wapi." Halafu akasonga mbele kwa swali la tisa kana kwamba hakuna kilichotokea. Pale chini ya skrini, kwenye kona ya kulia, kulikuwa na anwani ya tovuti ya Marekani ambayo hakuna aliyejisumbua hata kuifuta. Yaani walichukua maswali ya mtu aliyewaandikia Wamarekani wenzake, wakayabandika chini ya picha ya Mzee Ojwang', wakatutoza 1,500.

Hapo ningeondoka. Nimeshalipa, kuku nimeshaagiza (kuku alikuwa mzuri, nisiwe mwongo), nikabaki. Raundi ya tatu ikaitwa "Kenya Yetu". Jamani, ni heri wangetuacha na sungura.

Swali: filamu ya mwaka 1996 kuhusu simba wala watu wa Tsavo, The Ghost and the Darkness, ilipigwa nchi gani? Rafiki yangu alifurahi mpaka akamwaga soda. Filamu hiyo ameitazama mara zisizohesabika na anaichukia kwa moyo wote, kwa sababu kisa ni chetu, reli ni yetu, daraja ni la Tsavo mwaka 1898, na wao wakaenda kuipiga Afrika Kusini. Hata simba waliowaonyesha wana manyoya shingoni, ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo. Nenda Chicago uwaone wenyewe, wamejazwa na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho la Field tangu miaka ya 20. Tukaandika Afrika Kusini kwa herufi kubwa. Jibu lao: Kenya. Kijana akaongeza, "Tujivunie vyetu!" Watu wakapiga makofi. Sisi tukapata sufuri.

Swali lingine: maneno "Hakuna matata" yaliimbwa kwenye wimbo uliorekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka gani? Jibu lao 1994, ile katuni ya simba. Hii iliniuma kuliko zote. Them Mushrooms kutoka Mombasa walikuwa wameshatoa Jambo Bwana mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. wakautwaa, wakaupeleka Ulaya. Kila mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege miaka ile aliimbiwa wimbo huo kabla hajapata sanduku lake. Yaani miaka 12 kabla ya hiyo katuni! Na huyu kijana anaishi katika nchi ambayo ukienda hoteli yoyote ya Pwani leo jioni utaupata unapigwa.

Halafu wakaleta swali la staa wa Marekani aliyeweka Kiswahili kwenye wimbo wake miaka ya 80. Dada yangu hakungoja mtu, akaandika Liberian Girl, Michael Jackson, 1987. Ni kweli tupu. Anayesema yale maneno ya mapenzi mwanzoni ni Letta Mbulu wa Afrika Kusini, na kama unajua Kiswahili unamsikia bila shida. Wao jibu lao ni All Night Long ya Lionel Richie. Yale maneno ya katikati ya wimbo ule si lugha ya mtu yeyote duniani. Richie aliyabuni mwenyewe na amekiri hadharani. Sasa ninyi watu wa Nairobi, mmesimama mbele ya ukumbi umejaa Waswahili na watu wa Nairobi, mnatuambia kile ni Kiswahili. Mngemuuliza hata mhudumu aliyekuwa akipita na sinia.

La KTN ndilo lililomtoa mzee kitini. Swali: kituo cha kwanza cha televisheni Kenya? Jibu: KTN, 1990. Mzee akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema polepole kama mtu aliye kanisani: "Kijana wangu, mimi TV nimeanza kuzifungua mama yako hajaolewa. Sauti ya Kenya ilikuwa ikirusha nini, moshi?" Ukumbi ukapasuka. Na mzee ana haki. Televisheni ilianza hapa mwaka 1962. Sauti ya Kenya, kituo cha serikali, ikabadilishwa jina na kuwa KBC mwaka 1989, na mwaka uliofuata ndipo KTN ikaja, ya kwanza isiyo ya serikali. Mtu alisoma hivyo mahali fulani, akaacha neno "binafsi" njiani, basi Vitimbi, Vioja Mahakamani na taarifa zote za habari za miaka mingapi zikafutwa kwa swali moja.

Nikaenda mbele. Sikuenda kwa ugomvi. Nikamwambia yule kijana kwa adabu kabisa kwamba majibu manne ya raundi hii si sahihi na ninaweza kumwonyesha hapohapo kwenye simu. Akatabasamu, akaniwekea mkono begani, akasema: "Auntie, chill, si ni raha tu?"

Raha tu. Nilipe 1,500, nikatwe alama, kisha niambiwe ni raha tu. Kama ni raha tu, mbona alama zinaandikwa ubaoni? Mbona kuna zawadi? Ushindi umeenda kwa meza ya vijana waliokuwa wakitafuta kwenye simu chini ya kitambaa cha meza, na hata siwalaumu, kwa sababu maswali yametoka mtandaoni na majibu yametoka hukohuko. Ukiwa uliishi miaka ile Nairobi ulikuwa na hasara. Ukiwa hukuzaliwa, ulikuwa na nafasi nzuri zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba maswali mazuri yamejaa tele, wala hayahitaji utafiti wa chuo kikuu. Wangeuliza sauti ya nani ilisikika redioni asubuhi ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, wanajeshi wakiwa wamemsimamia na bunduki, na nusu ya ukumbi ingejibu Leonard Mambo Mbotela kabla swali halijaisha. Au gari la Nyayo Pioneer! Hebu fikirieni swali moja tu kuhusu gari hilo. Mwaka 1990, Kasarani, rais yupo, magari matano yaliyoundwa hapahapa nchini yanatolewa hadharani, na sisi watoto tukaamini kwamba tukikua kila mtu atakuwa na lake. Mzee wetu alianza kusimulia habari hizo pale mezani, na meza mbili za jirani zikageuza viti kumsikiliza badala ya kumsikiliza kijana wa kipaza sauti. Hiyo ndiyo chemsha bongo niliyoilipia, na nimeipata bure kutoka kwa jirani yangu.

Shekhar Mehta na ule ushindi wa Safari Rally nne mfululizo, 1979 hadi 1982, hakuna. Gor Mahia na Kombe la Mandela la 1987, hakuna. Bondia Robert Wangila na dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, hakuna. Kundi la rap la Kalamashaka wa Dandora, hakuna, na hao ni wa miaka ya 90 kabisa, hata vijana wangefurahi. Fox Drive-in, Thika Road, ambako watu wazima wanasema walienda kutazama filamu (tunawajua), hakuna. Hata Mzee Ojwang' mwenyewe, aliyetumiwa kuuza tiketi, hakuulizwa swali hata moja usiku mzima.

Jumamosi nikawaandikia. Nikaweka kila swali, jibu lao, na jibu sahihi. Nikaomba mambo mawili: turudishiwe alama zetu, au turudishiwe pesa. Jumapili jioni nikajibiwa: "Asante kwa maoni yako, tunathamini wateja wetu 🙏". Leo asubuhi wametoa bango jipya. Mwezi ujao kiingilio ni 2,000, na safari hii wameweka picha ya Juha Kalulu, yule wa vibonzo vya gazetini.

Kwa hivyo naomba yafuatayo. Mtu wa meza iliyokuwa karibu na ngazi, mwanamke mwenye miwani aliyepiga picha skrini wakati Reagan ametokea, kama uko hapa tafadhali weka picha hiyo, kwa sababu sasa wanasema swali hilo halikuwepo. Aliyewahi kudai pesa ya tiketi ya burudani na akarudishiwa, nieleze ulianzia wapi. Na wewe mtu wa kutuambia "kama hukupenda usiende tena", umeshasikika, pumzika. Msimamizi, sijataja jina la mahali wala la mtu, kwa hivyo uzi huu usifungwe.