Kusafishwa damu usiku kucha: mishipa inapata nafuu gani?

Swali
Shikamooni wakubwa. Mjomba wangu anaishi Toronto na husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Sasa ameshauriwa kuhamia usafishaji wa usiku nyumbani, saa 6 hadi 8 akiwa usingizini, siku 5 au 6 kwa wiki, na daktari amemwambia kwamba utaratibu huo "hulainisha mishipa". Je, ni kweli, au anatiwa moyo tu?

Jibu la 1
Ndugu, ni kweli, ingawa mlainishaji si mashine bali muda. Figo zikishindwa kazi, fosfati, madini yatokayo kwenye chakula, hurundikana, na sehemu kubwa yake imejificha ndani ya seli na mifupa. Kwa saa 4 mashine huondoa iliyomo katika damu, na mgonjwa akishaondoka kitini ile iliyojificha hutoka na kuijaza damu upya. Fosfati ikizidi, seli za misuli ya ukuta wa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) huanza kufanana na za mfupa, chokaa ikajijenga, na ateri iliyopaswa kutanuka kila moyo unapopiga ikawa ngumu kama bomba. Usiku mzima huondoa fosfati nyingi kiasi kwamba wengi huacha vidonge vya kuzuia fosfati vinavyomezwa kila mlo.

Mjomba yuko kwenye chimbuko lenyewe, kwani utaratibu huu ulianza Toronto mwaka 1994. Watafiti wa huko waliubana mkono wa mgonjwa kwa mkanda wa kupimia presha, wakaulegeza, kisha wakatazama ateri inavyotanuka damu inaporudi: ndani ya miezi 2 ilitanuka vizuri zaidi, na presha ikashuka.

Jibu la 2
Naafiki, lakini makundi ya wagonjwa waliopimwa hivyo yalikuwa madogo. Jaribio la Alberta, jimbo la Kanada, la mwaka 2007, lenye wagonjwa 52, lilionyesha unene wa moyo ukipungua. Jaribio jingine la Amerika Kaskazini, lenye wagonjwa 87, halikuthibitisha hivyo, na matatizo ya fistula (mshipa wa mkono uliounganishwa na ateri ili uchomwe sindano za mashine) yakaelekea kuongezeka. Isitoshe, anayepata bado mkojo kidogo huweza kuupoteza mapema. Mjomba aulize hilo kabla ya kukubali.

Jibu la 3
Mimi nililala na mashine miaka 3. Presha ilishuka, nikapunguziwa dawa. Usingizi wa wiki za mwanzo ulikuwa wa mang'amung'amu, kwa hofu ya sindano kuchomoka, hadi nilipozoea kile kidude kinacholia kikiguswa na tone la damu. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, niliweka vidole juu ya fistula kusikiliza mtetemo wake. Siku usiposikika, mjomba asisubiri, aende hospitali palepale.