Mtandao wa gemu ukizimika, kampuni inawajibika kutwambia nini?

Mwenye Banda, Michenzani

Assalaamu alaykum wanaukumbi. Ninaendesha banda la gemu ambalo vijana hulipia kwa mechi. Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, banda likiwa limejaa, mashine zote zilikataa kuingia mtandaoni, na gemu mbili nilizozinunua kwa kupakua, bila ya diski, zikaweka alama ya kufuli na kugoma kufunguka. Nilidhani kifurushi kimekwisha, nikabadilisha simu niliyokuwa nikigawia intaneti, kumbe hitilafu ni ya watengenezaji wenyewe na imeenea nchi nyingi. Kampuni hiyo, ambayo jina lake naliacha, iliandika sentensi moja tu kwamba inalifahamu tatizo, kisha ikanyamaza hadi siku ya pili. Je, kuna sababu ya kiufundi inayowazuia wasiseme? Na mtu kama mimi anaweza kudai fidia?

Bint Mkunazini

Waalaykumu salaam, kaka. Sababu ya kiufundi ipo, lakini haitoshi kuwatetea. Tazama yaliyoikuta Sony mwaka 2011: wadukuzi waliingia katika mtandao wa PlayStation, mashine zake za gemu, kati ya tarehe 17 na 19 Aprili, kampuni ikauzima tarehe 20, ila watumiaji walikuja kuambiwa tarehe 26 kwamba taarifa za akaunti zipatazo milioni 77, yakiwemo majina, anwani na nywila, zimefikiwa na watu wasiohusika. Utetezi wao ulikuwa kwamba wataalamu walihitaji siku kadhaa kujua ukubwa wa uvamizi, jambo ambalo naliamini. Hata hivyo, mtu anayetumia nywila ile ile kwenye barua pepe yake hahitaji ripoti kamili ili akaibadilishe. Anahitaji kuambiwa mapema kuwa hatari ipo. Kazuo Hirai, mkuu wa kitengo cha gemu cha Sony, aliinama kuomba radhi mbele ya waandishi wa habari mjini Tokyo tarehe 1 Mei, na huduma zikaanza kurejea katikati ya mwezi huo. Uingereza iliitoza Sony faini ya pauni 250,000 mwaka 2013, ingawa faini hiyo ilihusu ulinzi dhaifu wa taarifa na si ule ukimya.

Abiria wa Mkoani

Naongezea hapo kwa dada. Februari 2025 mtandao huo huo ulizimika kwa takriban siku nzima, na kwetu ikaangukia Jumamosi. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalisema tu kuwa lilikuwa tatizo la kiutendaji, wakaongezewa siku 5 wale waliojiunga na PlayStation Plus, usajili wao wa kulipia. Tatizo lipi hasa, hawakufafanua. Sisi tunaosafiri kwa boti baina ya Malindi na Mkoani tunaelewa kuwa bahari ikichafuka chombo hakiondoki. Kinachoudhi ni kukalishwa juu ya mizigo bila ya mtu kuja kusema khabari nyingine itatoka saa ngapi. Kampuni ingeweza kuandika kila baada ya saa mbili, hata kama neno ni lile lile, kwamba bado wanatafuta chanzo. Ama kuhusu fidia, ndugu yangu, usiitegemee: hutolewa kwa siku za usajili, na mapato ya banda hayamo katika hesabu zao. Isitoshe, masharti ya kampuni nyingi hukataza mashine za nyumbani zisitumike kwa biashara, kwa hivyo kabla ya kuandika madai yasome kwanza yale uliyoyakubali.

Fundi, Wete

Mimi nina la kiufundi tu. Gemu ya diski kwa kawaida hufunguka bila ya mtandao, na mechi ya mpira ya watu wawili kwa pedi mbili haihitaji seva, yaani kompyuta za kampuni. Kinachofungika ni sehemu kama Ultimate Team, ile ya gemu ya mpira inayochezwa mtandaoni. Zile za kupakua hufungwa kwa sababu mashine hutaka kuhakikisha kwamba akaunti iliyonunua ndiyo inayocheza. Ikiwa mashine zako ni PS5 (PlayStation 5), ingia kwenye mipangilio ya akaunti uwashe ruhusa ya kucheza nje ya mtandao, ukijua kuwa akaunti moja hukubaliwa kwenye PS5 moja tu, basi chagua ile yenye wateja wengi. Lifanye sasa mtandao ukiwa hewani, kwani ukishazimika mpangilio huo hautakubali.