Ajenti anataka laki tatu na nusu anitafutie skolashipu ya masters nje, nimpe?

Kijana_wa_Mbozi
Wakuu habari zenu, naombeni mwongozo maana kichwa kimejaa. Nilimaliza digrii ya kilimo 2021, GPA 3.6 (upa sekondi ya kuingilia dirishani hiyo), tangu hapo niko kwenye ushirika wa wakulima huku kwetu kama bwana shamba, miaka mitatu na ushee sasa. Nataka kusoma masters nje ila hela sina kabisa. Sasa kuna jamaa ana ofisi mjini anajiita ajenti, anataka 350,000 ya "fomu na kufungua faili", anasema Ujerumani na Uturuki ana watu wake ndani, miezi miwili tu nimeshapata. Mzee yuko tayari kuuza ng'ombe. Nimpe? Na kama nisimpe naanzia wapi?

mama_Nasra
Mdogo wangu usitoe hata mia, mwambie baba ng'ombe abaki zizini. Mimi nilishapigwa, nilitoa laki nne na ishirini kwa mtu wa aina hiyohiyo, risiti nikapewa, mhuri upo, wiki tatu baadaye nikaletewa barua ya chuo cha nje nikaipiga na picha nikatuma kwenye grupu la familia wote wakanipongeza, kumbe ni barua ya udahili tu jamani, chini kabisa imeandikwa ada najilipia mwenyewe 😭 Udahili sio ufadhili, hapo ndipo wanapowaliza wengi. Hao Waturuki wana dirisha la serikali yao, Türkiye Bursları, kwa kawaida linafunguliwa Januari 10 linafungwa Februari 20, unaomba mwenyewe mtandaoni bure kabisa, ila kwa masters lazima uwe chini ya miaka 30. Sasa huyo mtu wake wa ndani yuko ndani ya nini?

Chumvi_ya_Mawe
Mnampa dogo moyo bure. Bila konekshen hizi mambo hupati, wanaenda watoto wa wakubwa sisi tunabaki kujaza fomu.

Msitu_Mnene
Chumvi, zile za nchi kwa nchi zinazopita wizarani sibishani na wewe leo. Ila zipo unazotuma moja kwa moja chuoni na hamna mjomba yeyote katikati. Mi niko Tharandt, kamji kadogo pembeni ya Dresden huku Ujerumani, nasoma misitu ya tropiki kwa hela ya DAAD, shirika la Wajerumani la kufadhili wanafunzi, ule mpango wao unaitwa EPOS, na kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvuka hata Tunduma. Wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili baada ya digrii na digrii yenyewe kwa kawaida isizidi miaka sita, kwa hiyo dogo wewe uko ndani ila saa inatembea. Kila kozi ina dedilaini yake na nyingi zinafunga karibu mwaka mzima kabla masomo hayajaanza, ndo maana hiyo "miezi miwili" ya ajenti ni ya kuchekesha.

Kinachoangusha watu sio GPA, ni barua ya maombi, ile ya kujieleza kwa nini unataka kusoma. Yangu ya kwanza ilianza "tangu nikiwa mtoto nimependa mazingira", nikakosa, na ningekuwa mimi ndo nasahihisha ningeitupa pia. Mwaka uliofuata nikaanza na kijiji kimoja ambapo watu wanakata miombo kuchoma mkaa, gunia linauzwa bei gani, na mimi kama afisa nilijaribu nini kikafeli. Basi. Na wadhamini wako, wale wa kukuandikia barua ya kukupendekeza, wafuate mapema, mwalimu wangu aliniambia "andika mwenyewe niletee nisaini", nikakataa kistaarabu nikamkumbusha mradi niliomfanyia mwaka wa tatu, nikamwachia karatasi moja ya kumbukumbu, akaandika yeye. Ilikuja tofauti kabisa. Mwambie atumie imeili ya chuo, hizi za gmail zinatia watu mashaka.

binti_wa_pwani
Ongezea Erasmus Mundus, skolashipu ya Umoja wa Ulaya. Unasoma angalau nchi mbili, ada inalipwa, na unapewa euro 1,400 kwa mwezi mpaka miezi 24. Ila jua tiketi, viza na kodi ya chumba unatoa humohumo, na mimi hela ilianza kuingia nikiwa nimeshafika na kufungua akaunti, so ule mwezi wa kwanza nilikula mkate na ndizi za kuungaunga 😂 Kingine wakati wa kuomba walinidai uthibitisho wa makazi, nikaenda kwa mtendaji wa mtaa akanigongea barua safi, ya Kiswahili, ikabidi nitafute wa kuitafsiri siku mbili kabla ya kufunga. Hizo ng'ombe msiuze ila pasipoti ni laki na nusu, ianze sasa hivi.

Chumvi_ya_Mawe
Haya nimekaa. Huo EPOS hata mtu wa uhasibu anaweza?

Msitu_Mnene
@Chumvi orodha ya kozi wanaitoa kila mwaka, kuna za uchumi, mipango miji, maji, afya. Pitia kwanza.

Kijana_wa_Mbozi
Wakuu nimewasoma wote, ajenti nimeshamblok, alikuwa anapiga mpaka saa nne usiku akisema "nafasi imebaki moja". Jumatatu naomba ruhusa niende chuoni kumwona mwalimu wangu wa udongo. Barua nimejaribu mwanzo, mniambie kama inafaa: "Msimu wa 2023 magunia 14 ya maharage ya wanachama wetu yalibunguliwa ghalani kabla hatujapata mnunuzi."

Msitu_Mnene
Hapo sawa. Sentensi ya pili tuambie ulifanya nini wewe, sio ushirika.