Tupeane uzoefu: ziwa likigoma, kichwa unakitulizaje?

Mwana Igombe (mwanzisha uzi): Wakuu wa mialoni ya Ziwa Victoria, tunaulizana bei ya petroli na mwezi umefika wapi. Nani kamuuliza mwenzake kama analala? Samaki wamepungua, madeni yako palepale. Waliopitia waseme, mahubiri tunayo ya kutosha.

Karabai: Kambini kwetu kisiwani Ukara, dhoruba ilipindua mtumbwi wa dagaa usiku, kijana akafiwa na kaka yake. Aliporudi kazini akawa anakumba maji hata mtumbwi ukiwa mkavu, kopo halimtoki mkononi mpaka alfajiri. Wakasema karogwa, wengine eti anakwepa kuvuta nyavu. Mzee mmoja wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, akataka aachwe nchi kavu. Akapewa kuanika dagaa na kuhesabu ndoo. Jioni wanashona nyavu na mzee, habari za kaka anazianzisha mwenyewe akitaka, asipotaka wanabishana Simba na Yanga. Giza la pili, yaani msimu wa pili wa usiku usio na mbalamwezi tunaovua dagaa, akaomba kupanda mtumbwi, ila mchana kwanza.

Mama Chanja: Mwanangu, huyo mzee Mungu amweke. Mimi nateswa na masika. Dagaa wakinyeshewa ni chakula cha kuku, bei ya kutupa, na kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa, anataka rejesho lake. Nikawa naamka saa nane usiku moyo unakimbia, nikajua presha. Zahanati wakapima, hakuna. Nesi akauliza nadaiwa na nani, nikalia palepale. Siku hizi kwenye kikundi chetu anayekwama anasema mapema, kabla hajaanza kujificha.

Sangara Mkavu: 2020 korona ilipozuia ndege za kupeleka minofu ya sangara nje, bei ikaanguka, nikahamia kwenye gongo. Ukiamka deni lipo na kichwa kinagonga. Shemeji ndiye aliyenipeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, kitengo cha afya ya akili. Na mtu akisema bora afe, msimwache peke yake hata kama mnadhani anatania. Mpelekeni hospitali, mkae naye.

Mwana Igombe: Karabai, tajiri mwenye mtumbwi alikubali vipi kijana abaki nchi kavu? Wetu usipopanda hupati hata kitoweo.

Karabai: Aligoma, mkuu. Tukamwambia mgao wa kijana ukatwe kwenye wa kwetu. Wiki mbili hivi akaona aibu, akaulipa mwenyewe.

Mama Chanja: Huyo tajiri bado anachukua watu? Nina mdogo wangu Kayenze.